Mara Saba, Moja kwa Udongo

Siku yangu ya mwisho kazini nilipewa saa ya ukutani, keki iliyoandikwa jina la mtu mwingine, na hotuba ya mkuu wa idara iliyosema kwamba nimewatumikia wanyama wa kila aina. Si kweli. Kwa miaka thelathini na moja nimetumikia aina moja tu, nayo ni mbwa koko wa kisiwa cha Mombasa. Nyinyi vijana mnaobaki mmeniomba niandike niliyojifunza kabla sijayasahau. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara wetu mnaujua. Nitaandika juu ya kitanzi, juu ya mzee aliyenifundisha kazi, na juu ya jike mmoja wa rangi ya kahawia ambaye nusura nimuue mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka zangu, mara ya pili kwa utiifu wangu.

Niliingia kazini kwa kosa. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, na nilipeleka maombi ya ukarani. Kwenye fomu palikuwa na swali: Je, unapenda wanyama? Nikaandika, "Ndiyo, sana." Mtu yeyote wa mtaani kwetu angejibu hivyo. Kwetu mnyama ni paka. Paka hulala msikitini, hula pamoja na watoto, na akizaa kabatini nguo huhamishwa zikawekwa kwingine. Haikunipitikia kabisa kwamba kuna serikali inayoajiri watu kwa ajili ya mbwa. Baada ya wiki mbili nikaletewa barua ya kuripoti kwenye kitengo cha kudhibiti mbwa, pamoja na buti za mpira, zote mbili za mguu wa kushoto.

Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe la mikono mirefu na kofia ya vito, kwa heshima ya kazi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kilonzo, Mkamba wa Machakos aliyefanya kazi reli miaka mingi kabla ya kuhamia kwetu. Aliniangalia kutoka kofia hadi viatu.

"Kijana," akasema, "umekuja kumshika mbwa au kumposa?"

Huyo ndiye mwalimu wangu. Kabla hajaniruhusu kumkaribia mbwa, alinipa kitanzi nikae nacho wiki nzima. Mnakijua: bomba la chuma la urefu wa mtu, waya umepita ndani yake na kutokeza mbele kama duara. Unamtia mbwa kichwa, unavuta waya huku nyuma, amekwisha shikika. "Lakini waya hauna akili," Mzee Kilonzo alisema. "Haujui mbwa ameshikika. Ukivuta, wenyewe unaendelea tu." Ndipo akanionyesha kufunga kifundo kwenye waya, mahali ambapo duara likibaki upana wa shingo na vidole vitatu, kifundo kinagota kwenye mdomo wa bomba na waya unakoma. Kitanzi bila kifundo, alisema, hicho ni cha mnyongaji. Alinifungisha na kufungua kifundo kile mpaka vidole vikatoka malengelenge.

Somo la pili lilikuwa la kukaa. Mbwa mkali hatazamwi. Unakaa chini, unampa mgongo, unaweka chakula nyuma yako, halafu unafikiria mambo yako.

"Mambo gani?" nikamuuliza.

"Una mke?"

"Ninaye. Tumeoana mwezi wa nane huu."

"Basi hutakosa ya kufikiria."

Mke wangu anaitwa Swafiya. Alipojua kazi niliyopewa hakulia, hakwenda kwao. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akalijaza udongo mwekundu, akaliweka nje ya mlango karibu na mtungi wa maji. Kila jioni nilisimama pale nje nikanawa mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa aliyeguswa na mate ya mbwa. Swafiya alisimama mlangoni akihesabu. Nikimwambia leo sikugusa mbwa hata mmoja, nimeshinda mkutanoni, alisema, "Nawa tu. Sijui huko mkutanoni ulikaa na nani."

Majirani nao walinizoea kwa namna yao. Walinisalimu kwa kiwiko miaka mingi kabla ya maradhi kuufanya ulimwengu mzima usalimiane hivyo, na harusini nilipewa sinia langu peke yangu, tena lenye nyama nyingi, ili nisipate sababu ya kulalamika. Mji wa Kale hautakufukuza hata siku moja. Utakuheshimu mpaka ukae mbali mwenyewe.

Kazi ngumu zilikuwepo. Mtaani Buxton, mbwa mmoja alizalia chini ya ngazi ya ghorofa, wapangaji wakapanda na kushuka kwa dirisha siku mbili kabla ya mtu kufikiria kutuita. Kule Mbaraki nilikuta mbwa tisa wanalindwa na mabawabu walioajiriwa kulinda gati, na bawabu mmoja akaniambia pasi kucheka kwamba mbwa wale wakiondolewa yeye hawezi tena kulala zamu. Haya mtayakuta wenyewe. Nilitaka kufika Kibarani.

Lile jaa la Kibarani lilipofungwa na kuanza kupandwa miti, mbwa waliozaliwa pale kizazi baada ya kizazi hawakupelekewa barua. Walibaki wanazunguka wanatafuta chakula chao kilikokwenda. Tukapewa kazi ya kuwakusanya. Mzee Kilonzo alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao kufuga nyuki, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kikosi. Mkuu wetu, ambaye wote tulimwita Daktari, alikuwa na vyeti vitatu ukutani na alikuwa akiogopa mbwa. Hakushuka garini. Siku hiyo alikuja na mpiga picha, akateremsha kioo upana wa kidole akasema anataka picha moja ya mbwa akishikwa, haraka, kwa sababu mpiga picha anatakiwa harusini.

Nikachukua kitanzi kipya kutoka stoo, kile chenye waya wa ganda la kijani. Waya huo ulikuwa mzuri sana. Nilikuwa nimepeleka kipande nyumbani, Swafiya akakifanya kamba ya kuanikia nguo. Nikaona kitanzi hakina kifundo. Nikajisemea, nitakifunga kesho.

Jike mmoja kijana, wa kahawia, alikuwa karibu. Nikamtia kitanzi, nikavuta, na waya ukaendelea wenyewe kama nilivyoambiwa utafanya. Macho yakamtoka. Alijipinda hewani mara mbili, waya ukakatika kwenye mdomo wa bomba, naye akatimua mbio kuelekea barabara ya Makupa na duara langu limemkaba shingoni. Picha ilitoka. Imo kwenye ripoti mpaka leo: mimi nimeshika bomba lisilo na kitu, na chini yake maneno "Zoezi lafanikiwa".

Nilijiambia atakuwa ameuvua. Mbwa hana mikono ya kuvulia waya, na hilo nilikuwa nalijua. Basi nikajiambia atakuwa amekufa, na ajabu ni kwamba hilo ndilo lililonipa usingizi.

Baada ya miezi kadhaa ofisi ikapokea barua ya malalamiko kutoka mtaani kwetu. Iliandikwa na Maalim Bakari, mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa Kiswahili ambacho Daktari alilazimika kunipa nimsomee. Ilisema kuna mbwa ameingia kwenye gofu, ile nyumba iliyoanguka paa karibu na njia ya kushukia baharini, na kwamba anabweka kila alfajiri kwa sauti ya kuharibu ibada. Chini palikuwa na sahihi thelathini na nane. Ya kwanza kabisa, kwa mwandiko mzuri, ilikuwa ya mke wangu.

"Wamuandikia barua mumeo?" nikamuuliza jioni, nikiwa kwenye unawaji wa nne.

"Sikukuandikia wewe. Nimeiandikia ofisi. Tano."

Kesho yake nikaenda gofuni. Ndani mna kuta za matumbawe, vifusi, na mti wa mtini uliojiotea sebuleni. Alikuwa kwenye pembe ya mwisho. Aliponiona akafungua mdomo, akafanya kila anachofanya mbwa anayebweka, na hapakutoka sauti. Waya ulikuwa umemzamia shingoni mpaka umefunikwa na nyama. Kilichobaki nje ni ncha moja ya kijani, urefu wa kidole.

Niliketi juu ya kifusi pale pale. Niliona haya kama sijapata kuona haya tangu utotoni. Jeraha lilikuwa limeanza kunuka, na kwa kadiri ninavyowajua alikuwa amebakiwa na wiki mbili, labda tatu. Kisha nikakumbuka ile barua. Watu thelathini na nane walikuwa wameapa kusikia sauti ya mbwa asiyeweza kutoa sauti.

Daktari alipoelezwa alifurahi, kwa sababu alikuwa amepokea mtego mpya kutoka ng'ambo na hajapata mahali pa kuujaribu. Ulikuwa tundu la chuma lenye mlango unaoanguka wenyewe, na kitabu cha maelezo katika lugha sita, zote si zetu. Tukautega gofuni siku nne. Ulinasa paka kumi na mmoja, jogoo wa jirani, na kandambili. Paka mmoja alinaswa mara tatu, nadhani alipendezwa na chakula. Ripoti ikaandikwa kwamba mtego unafanya kazi vizuri. Yule jike hakuutazama hata mara moja.

Nikampigia simu Mzee Kilonzo.

"Umempa mgongo?" akauliza.

"Siku tatu sasa. Nimemuwekea maini ya kuchemsha. Hayagusi."

"Amekonda?"

Sikuwa nimelifikiria. Mbwa yule alikuwa na kidonda cha kumuua, lakini mbavu zake hazikuonekana.

"Huyo ameshiba," Mzee Kilonzo akasema. "Mbwa aliyeshiba hana haja na wewe. Tafuta mtu anayemlisha."

Siku iliyofuata nikaingia gofuni saa nane mchana, jua kali, saa ambayo mtaa mzima umelala baada ya chakula, au husema umelala. Nikajibanza nyuma ya ukuta. Nilipofika tu nikakuta sahani ya bati imeshawekwa. Mlikuwa na wali na samaki, na samaki ametolewa miba, wote, mmoja mmoja, mpaka ile myembamba ya ubavuni. Nimeoa miaka thelathini na sijapata kutolewa miba. Nikashangaa ni nani huyo mwenye mapenzi hayo.

Nikiwa bado nashangaa, akaja Bi Rukia, muuza viazi karai wa pale pembeni. Sahihi yake kwenye barua ilikuwa ya tatu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akafungua upande wa buibui, akatoa katlesi mbili, akaziweka juu ya jiwe. "Haya kula, maskini," akasema, "na mtu asikuone." Akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyepotea njia.

Dakika kumi zikapita. Nikasikia bakora. Alikuwa Maalim Bakari mwenyewe, mwandishi wa barua, kichwa cha samaki kimefungwa gazetini. Alikisukuma kwa ncha ya bakora mpaka karibu na mbwa, akasimama kidogo, akamuuliza hali. Naapa sisemi uongo. Alimwambia, "Wajionaje leo?" Akangoja kama atajibiwa, kisha akaenda zake.

Sasa nilikuwa na shida ambayo haimo kwenye kitabu cha lugha yoyote kati ya zile sita. Ili mbwa aokoke lazima aone njaa. Ili aone njaa lazima watu waache kumlisha. Na ili waache kumlisha lazima waambiwe, ilhali hakuna hata mmoja anayeweza kuambiwa, maana kumwambia ni kumvua nguo mbele ya watu. Mgeni angegonga milango. Mimi ni wa pale. Kwetu aibu ya mtu hufunikwa, hata na yule aliyeiona kwa macho yake.

Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, nikaketi barazani nje ya msikiti pamoja na wenzangu. Maalim Bakari alikuwepo. Ng'ambo ya kichochoro Bi Rukia alikuwa akikoroga unga wake mbele ya karai.

"Jamaa zangu," nikasema kwa sauti ya kufika ng'ambo, "yuko mtu amlisha yule mbwa."

Mwiko wa Bi Rukia ukasimama.

"Astaghfirullahi," Maalim Bakari akasema. "Mtu wa mtaa huu?"

"Sijui ni nani, wala sitaki kujua. Huenda ni mgeni."

"Atakuwa mgeni," Maalim akasema haraka.

"Mgeni kabisa," Bi Rukia akaitikia, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Basi," nikasema, "lau ningemuona mgeni huyo ningemwambia hivi. Yule mbwa ana waya shingoni, nao wamkata. Mie nataka kuutoa. Lakini hanijii akiwa ameshiba. Akikosa chakula siku tatu, atanijia."

Watu walitazama chini. Maalim Bakari aliigeuza bakora yake mkononi.

"Na huyo mgeni akiacha," akauliza, "huyo mnyama hatakufa na njaa?"

"Hafi, Maalim. Maji nitamuwekea."

"Siku tatu!" Bi Rukia akapaza sauti. "Kwa nini tatu? Mbili hazitoshi?" Kisha akaona baraza nzima inamtazama. "Nauliza tu," akasema. "Kwa faida ya huyo mgeni."

Usiku nilipokula nikamhadithia Swafiya mambo yote, Bi Rukia na Maalim na ile sahani ya samaki asiye na miba. Alinisikiliza, akaniongeza mchuzi kabla sijaomba.

Kesho yake gofu lilikuwa tupu. Hapana katlesi, hapana kichwa cha samaki, hapana sahani. Nikakaa juu ya jiwe, nikaweka maini nyuma yangu, nikampa mgongo. Hakuja. Siku ya pili nilisikia kokoto zikisogea, hatua nne, zikarudi. Nikaanza kuongea polepole ili aizoee sauti. Nilimhadithia kazi, mikutano, na yule paka aliyenaswa mara tatu. Nikamuomba radhi. Sioni haya kuliandika hilo. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, nimeupa ukuta wa matumbawe uso wangu, nikisema, "Nilitakiwa kufunga kifundo. Nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Siku ya tatu alikula. Ya nne nikahisi pumzi zake kwenye kiwiko. Ya tano nikaenda na koleo la kukatia waya mfukoni.

Nilimpa maini ya mwisho kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikaupandisha taratibu mpaka kwenye ile ncha ya kijani. Alipohisi chuma alinishika kifundo cha mkono kwa meno. Hakuuma. Alikaza tu, na macho yake yakanitazama, nami safari hii sikuyakwepa. Nikabana koleo. Waya ukakatika kwa mlio mdogo, ukafunguka, akatoa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, kama mlango usiotiwa mafuta. Nilidhani atakimbia. Alibaki. Nikauvuta waya wote kutoka kwenye nyama, nikamwaga dawa kwenye kidonda, na alipomaliza kutetemeka akanilamba mkono, vidole vyote, mpaka kwenye alama za meno yake.

Nilikwenda kazini siku iliyofuata kama bwana harusi. Daktari akanisikiliza, akasimama, akanipongeza kwa kiwiko.

"Safi sana, Bwana Shee," akasema. "Sasa amekuzoea. Jumatatu itakuwa rahisi. Utamshika wewe, na mwenzako atampiga sindano."

Jumanne yake wageni wakubwa walitarajiwa kutembezwa Mji wa Kale, na amri ilikuwa kwamba mbwa yeyote asiye na mwenyewe aondolewe kabla hawajafika. Sindano ile haikuwa ya chanjo. Mwataka kujua nilisema nini? Nilisema, "Sawa, Daktari." Ulimi ulikuwa umezoea maneno hayo kwa miaka mingi, ukayatoa bila kuniuliza. Nilifika mpaka uani ndipo nikaelewa nilichokubali. Imani ya yule mnyama, niliyoitafuta kwa siku tano na mgongo unaniuma, nilikuwa nimeikabidhi ofisini itumike badala ya kitanzi.

Nikarudi kusoma kanuni. Mbwa mwenye chanjo, ukanda shingoni, na fomu iliyotiwa sahihi na mwenyewe, haguswi. Chanjo nilimchanja mwenyewe siku ile ile, ukanda nikaupata stoo. Lakini sahihi isingeweza kuwa yangu. Mfanyakazi wa kitengo haruhusiwi kumiliki mbwa, kwa kuwa huo ni mgongano wa maslahi. Aliyeandika kanuni hiyo nadhani alikuwa mtu wa Mji wa Kale, alijua hakuna hatari.

Jumapili nikazunguka na fomu. Maalim Bakari aliisoma hadi mwisho. "Mie ni mwalimu wa watoto," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Niandikwe mwenye mbwa? Wazazi watawatoa. Lakini nitamuombea dua." Bi Rukia alikuwa mfupi zaidi. "Na viazi vyangu vitanunuliwa na nani?" Kisha akanifungia katlesi mbili kwenye karatasi, akasema ni za yule mgeni.

Nikafika nyumbani kabla ya magharibi, fomu mfukoni, haina jina. Nikainama kunawa. Kopo la udongo lilikuwa tupu. Kwa miezi udongo ule ulikuwa ukipungua upesi kuliko ninavyoutumia, nami nikawalaumu paka, kwa kuwa paka wana matumizi yao ya udongo. Nikainua kichwa kumuuliza Swafiya. Alikuwa amesimama mlangoni mahali pake pa kuhesabia, na mikono yake ilikuwa imelowa. Chini ya kucha, pale hina ilipofifia, palikuwa na udongo mwekundu.

Tulitazamana.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Saba," akasema. "Kwani mie sijui dini?"

"Ile miba," nikasema. "Ulimtolea miba."

"Wewe una mikono."

Nikaketi kwenye kizingiti. Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini alitia sahihi kwenye barua ya kumlalamikia, tena ya kwanza, tena ya kubweka. Alicheka kidogo.

"Baba Salma, najua habweki. Tungeandika 'njooni mumtibu mbwa', nani angekuja? Mngeunda kamati. Tumeandika ametusumbua, mkaja siku ya pili." Akapangusa mikono kwenye leso. "Na ule waya niliujua siku ile ile alipoingia mtaani. Kwani mie naanika nguo zangu juu ya nini?"

Miezi yote ile. Alijua ni waya wangu, ni mkono wangu, na hakunitajia. Alinihesabia saba zangu kila jioni, akaenda kumlisha mchana, akangoja niuone mwenyewe.

"Ilete hiyo karatasi," akasema. "Hapo penye jina la mwenyewe, tia langu."

"Watu watasemaje?"

"Waseme nini, na wote washamlisha?"

Nikaandika jina lake. Nikafika kwenye mstari unaouliza jina la mbwa. Wajuao rejista yetu wanajua mbwa wote wa Mombasa huitwa Simba, hata majike. Nikamuuliza Swafiya tumuandikeje, naye akajibu papo hapo, kama mama aliyeulizwa jina la mwanawe.

"Kimya."

Wageni walipita Jumanne na hawakutazama gofuni hata kidogo, walikuwa wakipiga picha milango. Daktari aliipokea fomu, akatafuta kosa, akalikosa, akaihifadhi mahali ambapo nadhani haitaonekana tena. Maalim Bakari huletewa habari za Kimya kila siku barazani na kila siku hujifanya hakuuliza. Shingo imepona, imebaki duara lisiloota manyoya, na sauti imerudi. Sasa anabweka kila alfajiri, kwa sauti ya kuharibu ibada, na hakuna aliyeandika barua.

Kwa hiyo fungeni kifundo. Mkiwa na haraka, fungeni viwili. Mimi sasa niko nyumbani, na ile saa ya ukutani haijawahi kusema kweli. Siku hizi jioni tunatoka gofuni pamoja, mimi na Swafiya, tunasimama nje ya mlango mbele ya kopo jipya, kubwa zaidi. Mimi namimina maji kwenye mikono yake, yeye kwenye yangu, na kuhesabu bado anahesabu yeye.